Masomo Yote Yamepokelewa

Juzi, baada ya maombi ya akina mama, binti mmoja alinifuata mpaka nje ya kanisa. Mume wake amelazwa, uti wa mgongo, na ameambiwa asinyanyuke mpaka atakapoambiwa. Alitaka nimpe neno la kumpelekea. Mimi nililala chali miezi kumi na moja, na katika miezi hiyo nililetewa maneno ya kujaza gunia: vumilia, Mungu yupo, wako walio na hali mbaya kuliko wewe. Hilo la mwisho ndilo lililonichukiza kuliko yote. Nikamwambia, mwanangu, neno sina, ila nitakuandikia ilivyokuwa, uchague mwenyewe cha kuchukua.

Miaka ile tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa upande wa Handeni. Nyumba zilipangwa mstari, shamba la pamoja lilikuwa ng'ambo ya barabara, na mbele ya ofisi ya kijiji kilining'inizwa kipande cha reli. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kiligongwa, na kila mtu alitoka na jembe lake. Mgongo ulinianza kwenye palizi ya vuli. Nilikuwa nikiinama siwezi kuinuka mpaka nishike magoti, halafu mapaja, najipanda mwenyewe kama ngazi. Wenzangu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Kwenye mkutano mtu mmoja akasimama akasema kati yetu kuna kupe wanaonyonya jasho la wenzao. Hakutaja jina, lakini watu wote walinitazama mimi.

Masika yalipoingia, miguu ikaanza kufa ganzi. Hapo ndipo mume wangu, Baba Ruthi, aliponipakia kwenye lori la mihogo tukaenda Korogwe hospitali. Benchi la kusubiria pale nalikumbuka mpaka leo. Lilikuwa na msumari mmoja umechomoza, na kila aliyeukalia alisogea kidogo akamwachia anayefuata. Siku tatu tulisogea kwenye benchi lile. Siku ya nne daktari akatuambia ni kifua kikuu, kimeingia kwenye mfupa wa mgongo. Mimi nilitaka kujua kitu kimoja tu, kama nitatembea. Akasema nikiendelea kusimama, mfupa utavunjika na mambo yatakuwa yamekwisha. Nikilala, nikachomwa sindano, huenda. Nikamuuliza nilale mpaka lini.

"Tutaona, mama," akasema.

Nikafungwa plasta kuanzia kwapani mpaka nyongani. Wagonjwa wenyewe walikuwa wanaiita hogo, yaani muhogo mkubwa. Siku ya kwanza ilikuwa na baridi na unyevu, siku ya pili ikakauka, na nilipotaka kuvuta pumzi ndefu nikagundua kwamba hata pumzi imepimiwa. Nililia. Sikuona haya na sioni haya kuliandika.

Sasa nieleze habari ya masomo, maana ndiyo yaliyonishika na ndiyo yaliyoniponza. Baba yangu alikuwa mwinjilisti kule milimani, juu ya Mazinde. Alipopata habari alishuka kwa miguu mpaka barabarani, akapanda gari, akaja na karatasi mbili alizozipiga mistari kwa rula. Kila karatasi ilikuwa na tarehe, na mbele ya kila tarehe somo la siku. Moja akanipa mimi, moja akampa Baba Ruthi. Tusome somo moja, akasema, kila mtu alipo, saa ile ile. Mimi nikachagua saa: reli ya kijijini ikigongwa. Pale Korogwe nilikuwa na alama yangu, king'ora cha kiwanda cha mkonge cha Ngombezi, ambacho upepo ukiwa mzuri kilifika mpaka wodini. Baba Ruthi aliikunja karatasi yake mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati, akasema sawa. Alisema hivyo akiwa ameangalia sakafu.

Niseme kabisa hapa kwamba mume wangu sikuwahi kumwona akisoma. Kabla ya kuhamia kijijini alikuwa kibarua wa mkonge, kwenye korona, ile mashine inayosaga majani, na aliniambia utomvu ulimharibu macho. Nyumbani nilikuwa nasoma mimi, yeye anaomba. Kanisani alishika Biblia vizuri, akaimba beti zote bila kukosea. Nilipomuuliza pale kitandani kama macho yatamruhusu, akasema yamepona. Nikamshukuru Mungu kwa macho ya mume wangu, mjinga mimi.

Basi tukaanza, yaani nikaanza. Somo la kwanza lilikuwa la yule mgonjwa wa birikani, aliyelala kando ya maji miaka thelathini na minane akingoja maji yatibuke, na kila yakitibuka mwingine anamtangulia. Bwana alimuuliza kama anataka kupona, naye badala ya kusema ndiyo akaeleza kwamba hana mtu wa kumtia majini. Nilisoma nikiwa nimeinua Biblia juu ya uso kwa mikono miwili, maana kujigeuza siwezi, mpaka mikono ikatetemeka. Nikamwambia Bwana kwamba mimi angalau mtu ninaye, na saa hii anasoma mstari huu huu nilipofika.

Kitanda cha jirani alikuwa Bi Mwanaidi, mama mtu mzima wa Kizigua, paja limevunjika, mguu umening'inizwa kwa kamba na uzito wa mawe. Alikuwa Mwislamu, akisali kwa kichwa na macho kwa sababu vingine vyote vilifungwa. Siku ya pili aliniuliza, "Yule mgonjwa wenu wa jana, alipona?" Toka siku hiyo nikawa nasoma kwa sauti. Yeye ndiye aliyenipa njiti ya chelewa kutoka kwenye ufagio wa wodi, ndefu, laini, ya kuingiza ndani ya plasta kujikunia. Binti, mpelekee mumeo njiti ya chelewa kabla hujampelekea kitu kingine chochote. Mwasho wa ndani ya plasta hauna heshima. Kunguni akiingia mle, unamsikia anatembea na huna la kumfanya.

Sindano ilikuwa kila siku, pajani, leo kulia kesho kushoto, mpaka mapaja yakawa magumu. Mwezi wa pili wa kulazwa masikio yakaanza kulia, mlio mwembamba usiokoma, na kuna asubuhi sikujua kama ninachosikia ni king'ora cha Ngombezi au ni kichwa changu. Nilisoma hivyo hivyo. Nywele zilipungua, mikono ikawa ya kitoto. Nilizijua mbao za dari moja moja. Na ukweli ni kwamba sala yangu ilikwisha kuwa kitu kingine. Sikuwa namwomba Mungu tena, nilikuwa nalinda zamu. Nikichelewa kidogo kwa sababu ya muuguzi au beseni, moyo ulinienda mbio, naona Baba Ruthi amefika mahali tulipoahidiana na hajanikuta.

Kila wiki niliandika barua, nikampa dereva wa lori la mihogo. Nilimwandikia mambo ya masomo: jana umeonaje pale walipotoboa paa wakamteremsha mgonjwa? Majibu yalikuja kwa mwandiko wa madaha. Yalianza, "Ndugu Mama Ruthi, salamu nyingi za ujenzi wa taifa." Yalieleza ekari zilizolimwa na mkutano uliofanyika. Juu ya Neno, mstari mmoja tu: "Masomo yote yamepokelewa." Nilicheka, nikasema mume wangu huyu, siasa imemwingia. Bi Mwanaidi alipenda sana mstari ule. Akiletewa uji alikuwa anamwambia muuguzi uji wote umepokelewa.

Mwezi wangu wa nne pale akaja mtu wa kijijini kumtazama ndugu yake, akanieleza kwamba mtoto wangu Ruthi, wa miaka miwili, anamwita bibi yake mama, na kwamba bibi mwenyewe ndiye anayemfundisha. Ilinichoma. Nililala na maneno yale siku nzima, yananizunguka na mimi siwezi hata kugeuka. Nikachukua kalamu. Nikamwandikia Baba Ruthi kwamba mama yake ana ulimi wa pilipili, kwamba ananizika nikiwa hai, kwamba mtoto analishwa bada la jana limeshakauka na kuwa gumu. Ndiyo, niliandika, ugali wa muhogo wa jana. Mwisho nikaandika asimwonyeshe mtu barua hii.

Baada ya hapo, kimya. Wiki, mbili, tano. Yeye mwenyewe, aliyekuwa akija kila mwisho wa mwezi, hakuonekana. Dereva wa lori akawa anachukua barua zangu bila kunitazama usoni.

Siku moja ya kutazama wagonjwa akaingia mama mkwe. Nilimwamkia shikamoo, akakaa kwenye stuli, akapanga kanga yake, akaniitikia marahaba baada ya kumaliza kupanga.

"Nimekuja unione uso," akasema. "Ulimi wangu kijiji kizima kimeshausikia."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, bila kupandisha sauti, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Barua zangu zote, tangu ya kwanza, zilipelekwa kwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Mhina, naye alizisoma barazani kwake kwa sauti ya mkutano. Majibu yaliandikwa na yeye. Barua ile ya pilipili aliianza kabla hajajua ilipokuwa inakwenda, na akishaanza kusoma Mzee Mhina haachi. Alisoma mpaka pale nilipoandika asimwonyeshe mtu. Hapo, akasema mama mkwe, alikohoa kidogo, akaendelea.

Nikauliza kwa nini mume wangu hakusoma mwenyewe.

"Asome na nini? Hajui hata herufi moja. Alikuoa hajui, akaogopa kukwambia. Wewe ni mtoto wa mwinjilisti."

Kisha akaniambia lililobaki, kwamba ukoo umekaa, kwamba mwanamume hawezi kukaa na nyumba tupu akimngoja mtu asiyejulikana kama atasimama, na kwamba kuna binti anatajwa. Alisema yeye hakuchangia neno. Akaacha chupa ya asali juu ya kabati langu, akaniaga. Kuhusu Ruthi alisema anamwita mama kwa sababu mtoto humwita mama anayemwona.

Watu wa kanisani wakinisikia nikisimulia hapa hutarajia niseme nilipiga magoti. Ningepigaje? Nilijifunika kanga usoni, maana ukutani sikuweza kugeukia. Miezi minne na nusu nilikuwa nasema na dari. Kila asubuhi nilikuwa nimefika pale mahali petu peke yangu. Sikulia kwa sababu ya yule binti wa kutajwa, hilo nililia baadaye. Nililia kwa sababu ya asubuhi zangu. Kesho yake king'ora kililia, nikaiacha Biblia pale pale chini ya mto. Na kesho kutwa.

Siku ya tatu Bi Mwanaidi akaniuliza kama wale watu wetu wa kwenye kitabu nao wamekwenda likizo. Nikamjibu vibaya. Nikamwambia yeye ni Mwislamu, hayamhusu.

"Mimi nimening'inizwa mguu huu," akasema, "nisihusike na mgonjwa mwenzangu?"

Akaendelea kwa upole. Akasema sura zote anazosali nazo hajui zinavyoandikwa, alizipokea kwa sikio kutoka kwa marehemu baba yake, na je, miaka yote hiyo amekuwa akimdanganya Mungu? Nikamwambia hapana, lakini mume wangu kanidanganya mimi.

"Hilo ni lingine. Hilo mtagombana akija. Sasa soma, mimi nimechoka kuhesabu mawe yangu."

Nikasoma kwa ajili yake. Sikuwa na Baba Ruthi wa kukutana naye, kwa hiyo sikuwa na haraka ya king'ora. Tulisoma kabla ya uji au baada ya sindano, ilivyotokea. Sala zangu zikawa fupi mno. Bwana, mgongo. Bwana, Ruthi. Bwana, yule mwanamume, leo sijui nimwite nani. Na nikimaliza nilikuwa nimemaliza. Sisemi nilipata amani, maana plasta ilikuwa ile ile na dari ile ile, na kuna siku nilitamani kuikwangua kwa kucha. Ila nilikuwa nasema na Mungu kwa mara ya kwanza tangu nilazwe.

Mvua za vuli zilipoanza, plasta ikakatwa. Usiulize harufu. Ngozi ilikuwa inatoka kwa maganda, mbavu ziko wazi, na mgongoni nilipapasa nikakuta kinundu ambacho hakikuwepo. Nilidhani nimefunguliwa. Daktari akatazama picha, akasema mfupa unashika vizuri, na kwa hiyo nifungwe nyingine. Siku mbili baadaye nikawa ndani ya plasta mpya, safi, nyeupe. Nilimchukia mtu yeyote aliyesema hongera.

Wiki ile ndipo alipokuja Baba Ruthi. Alikuwa amekonda. Kijiji kilimpa ruhusa ya siku nne, akafikia kwa binamu yake mtaa wa Manundu, akaja hospitali kwa miguu na Biblia ya kuazima chini ya kwapa. Nilikuwa nimepanga maneno ya miezi miwili. Alisalimia, akamwamkia Bi Mwanaidi, akakaa. Akatoa mfukoni ile karatasi ya baba, imechakaa mpaka kwenye mikunjo imekuwa matundu. Hakuomba radhi. Alifungua Biblia palipowekwa unyasi, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza.

"Ba... baa... da. Baada. Ya."

Jasho lilimtoka kwenye paji la uso kama aliyebeba mzigo. Lilikuwa somo la kwanza, la birikani, la tarehe iliyopita miezi saba. Alipofika kwenye neno refu akakwama. Nikalisema mimi, kwa mazoea ya nyumbani.

"Usinisaidie," akasema bila kuinua macho. "Inavyokwisha naijua, kila mtu anaijua. Nataka nifike kwa miguu yangu."

Nikafunga mdomo. Nikalala pale na plasta yangu mpya nikimngoja mume wangu atoke kwenye neno moja aingie jingine. Nilikuwa nimengoja vitu vingi mwaka ule, benchi, sindano, barua. Huku kungoja kulikuwa na utamu wake, sijui nikueleze vipi. Muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha alikuwa amefika kwenye yale matao matano ya birika. Akaweka unyasi wake, akaondoka.

Siku ya pili, akipumzika katikati ya mstari, ndipo aliponieleza. Siku ile barua iliposomwa, mama yake alimwambia mbele ya watu kwamba aibu ile si ya mkewe, ni ya kwake. Jioni ile ile alikwenda kwenye kisomo cha watu wazima pale ofisi ya kijiji, akakaa na wazee, anafundishwa na msichana aliyemaliza darasa la saba. Hakuja kwangu kwa sababu hakuwa na la kuja nalo. Mama yake naye akaandikishwa wiki iliyofuata. Alimwambia mwalimu kwamba barua nyingine ya kumtukana ikija anataka aisome mwenyewe. Nilicheka mpaka plasta ikanibana. Kisha nikamuuliza lile la binti wa kutajwa, na nikajuta kuuliza kabla sijamaliza.

"Walinijia mara mbili," akasema. "Nikawaambia nina somo sijalimaliza."

Akarudisha kidole kwenye mstari. Siku hiyo alifika pale mgonjwa anapoulizwa kama anataka kupona, muda ukaisha. Bi Mwanaidi akamwambia, baba, mtu wako amelala miaka thelathini na minane, sasa na wewe unamwongezea.

Siku ya tatu alifika pale mgonjwa anapojibu kwamba hana mtu. Alilisoma neno lile silabi kwa silabi, akalirudia zima. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aje. Muuguzi alikuwa amesimama na sindano yangu mkononi, anangoja, Mungu ambariki popote alipo. Kisha Baba Ruthi akaendelea, na kwenye saa nne hivi yule mgonjwa wa birikani akasimama, akajitwika godoro lake, akaenda zake. Bi Mwanaidi akasema alhamdulillahi.

Mimi sikusimama. Nililala miezi mingine minne, kiangazi kizima, na niliporudi kijijini mwanzo wa masika nilirudi na mkongojo na kinundu ninacho mpaka leo. Ruthi alijificha nyuma ya bibi yake, na bibi yake akamsukuma mbele. Ilimchukua mpaka mavuno kuniita mama. Nisikudanganye, binti, na wewe usimdanganye mumeo: si kila asomaye habari ya birikani anaondoka na godoro lake.

Ile orodha ya baba tulianza upya, kwa mwendo wa kidole cha Baba Ruthi, tukaimaliza baada ya miaka mitatu. Somo la siku hatukuwahi hata mara moja kulisoma katika siku yake. Reli ikigongwa yeye bado yuko katikati ya mstari, nami nimekaa, sisaidii. Majirani walishakwenda shambani wakarudi kututazama. Lakini lile jibu la yule mgonjwa, la kwamba hana mtu, tangu asubuhi ile ya Korogwe sijaweza kulisema tena.